Wakubwa, Waachieni Watoto Kamera

Ijumaa iliyopita darasa la mwanangu hapa Hamburg liliunganishwa kwa video na kidato cha pili cha shule moja ya Dar. Miji hii miwili ni miji dada tangu 2010, kwa hiyo shule zake kutafutana si jambo geni. Kipindi ni dakika 45. Zaidi ya nusu ililiwa na mkuu wa shule wa Dar.

Kwenye skrini meza kuu imetandikwa kitambaa cha satini, maua ya plastiki katikati, chupa ya maji mbele ya kila mkubwa. Watoto wako nyuma, sare zimepigwa pasi hasa, wamejipanga utadhani wanasubiri Mwenge. Ukaimbwa wimbo, kisha ikasomwa risala. Risala! Kwa watoto wa Kijerumani wa miaka 14, mmoja anatafuna tufaha. Na ndani yake, mnajua wenyewe: upungufu wa kompyuta, uzio, matundu ya vyoo.

Huku mwalimu alikuwa amesogea pembeni kabisa, hata kwenye kamera haonekani. Mtoto akaja mbele, Kiingereza chake kibovu wala hana habari, akauliza mnacheza gemu gani kwenye simu. Binti wa kwetu, wa Dar, akamtupia jicho mwalimu wake kwanza. Halafu akajibu, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba simu haziruhusiwi shuleni. Ni kweli haziruhusiwi, lakini mwenzake alikuwa anauliza gemu.

Haya, anzeni. "Umefika Ulaya juzi tu, leo unatufundisha." "Nyie mna kila kitu huko." Nani kasema? Serikali ya Ujerumani ilianza mwaka 2019 kumwaga euro bilioni 5 kwa ajili ya dijitali mashuleni, na siku hiyo wai-fai ya shule iligoma, mwalimu akatumia bando la simu yake. Waliokuwa wanakatakata ni sisi. Dar picha safi, sauti safi, nikajidai mpaka basi. Na kama hoja ni vifaa, mwaka 1988 shule 12 za jimbo la New York na 12 za Moscow zilianza kufanya kazi za darasani pamoja kwa kompyuta za enzi hizo, wakati nchi zao bado mahasimu. Mtandao wa iEARN, unaounganisha shule za nchi mbalimbali, ulianzia hapo. Kwa hiyo tusisingizie bando.

Mwingine atasema nadharau mila zetu za kupokea wageni. Ndugu yangu, ile shikamoo waliyoitoa kwa sauti moja ilinitoa machozi, na wanangu wa Kijerumani sasa wananiamkia kila nikipita getini. Wageni wapokelewe. Lakini mgeni hapa alikuwa mtoto mwenzao, si Katibu Tarafa.

Walimu wa Ulaya wana eTwinning, mpango wa kuunganisha shule kwa mtandao, tangu 2005. Walimu wawili wa nchi mbili wanakubaliana, wanaandikisha mradi, basi. Mara nyingi hata hiyo video haipo: watoto wa huku na wa kule wanapima mvua, wanajaza jedwali moja, wanabishana nani kakosea. Hakuna mgeni rasmi wala picha ya pamoja. Sisi tunaijua picha ya pamoja. Kazi ya pamoja ndiyo bado.

Na msiniambie watoto wetu hawawezi. Mwishoni simu ya mkuu wa shule iliita, akatoka nje kupokea. Papo hapo kijana mmoja akachomoka kwenye mstari, akasogeza uso mpaka ukajaa skrini, akauliza habari za timu za mpira za Hamburg: nyie ni HSV au St. Pauli? Darasa zima huku likalipuka. Wakapigiana kelele, wakauliza na wao, kijana akaanza kuwaeleza Simba na Yanga kwa mikono na miguu, na yule binti wa simu akadakia kwamba anawadanganya. Kiingereza kikavunjika pande zote mbili na hakuna aliyejali. Mkuu aliporudi walirudi mstarini wenyewe, bila kuambiwa.

Dar wanafunga Juni, huku wanafunga Julai na Agosti, kwa hiyo tunakutana tena Septemba. Nimemwandikia mwalimu wa kule, kwa heshima zote, kuomba meza iondolewe na watoto wakae karibu na kompyuta. Amejibu vizuri sana. Ameongeza tu kwamba safari ijayo afisa elimu naye ameomba kuwepo, na atakuwa na neno fupi.