Kubadilisha kitu kimoja kimoja si uangalifu

Nikikaa na mtu anayepanga jaribio la shamba, sihitaji kusubiri sana kabla ya kuisikia: tubadilishe kitu kimoja kwanza, tuone, kisha tuje kwenye kingine. Inasikika kama busara. Kwangu mimi ni kupoteza ploti.

Chukua mbolea na maji. Tuseme ploti isiyopata chochote inatoa kilo 20, yenye mbolea peke yake 22, yenye maji peke yake 24. Bwana kimoja-kimoja anajumlisha 2 na 4, anatangaza kwamba akiweka vyote atavuna 26. Ploti ya nne, ile ambayo hakuilima, ingempa 38. Pasipo maji mbolea iliongeza 2. Penye maji, 14. Pengo hilo la 12 ndilo mwingiliano, na hakuna hesabu ya kulifukua kwenye ploti tatu. Wala usiniambie mbolea "kwa wastani" inaongeza 8. Hesabu ni sahihi, ila hakuna ploti hata moja iliyoongezewa 8.

Mwanatakwimu Ronald Fisher, akiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza, aliupinga mtindo huu waziwazi mwaka 1926. Hata kwa bahili hoja yake inalipa: ukiwa na ploti 16, kila mchanganyiko ukirudiwa mara 4, mbolea inapimwa kwa ploti 8 dhidi ya 8, na maji pia 8 dhidi ya 8, kwenye ploti zile zile. Zigawe 16 hizo katika makundi matatu ya kimoja kimoja (bila chochote, mbolea tu, maji tu), unabaki na tano tano hivi.

Bloku, yaani makundi ya ploti zinazolinganishwa zenyewe kwa zenyewe, ndizo zilizoniumiza mimi mwenyewe. Shamba lilikuwa la mteremko. Nikachora bloku nne ndefu kutoka juu hadi chini, kwa kuwa zilipendeza kwenye karatasi. Kila moja ikawa na ploti kavu juu na ploti ya tope chini, na zote nne zikafanana kama mapacha. Ilitakiwa kinyume chake: mfanano uwe ndani ya bloku, tofauti iwe kati ya bloku na bloku. Ningezikata kukingama mteremko. (Kura ya ploti ipi ipate nini niliipiga upya katika kila bloku, angalau hilo nililipatia.) Bloku zilikula digrii 3 za uhuru, yaani vipande huru vya taarifa, kati ya 15 za ploti 16, bila kuondoa chochote cha maana, na mteremko wote ukarundikana kwenye kosa, yaani tofauti zisizoelezwa na bloku wala mbolea na maji, lenye digrii 9.

Mwenzangu akashauri tuzitoe bloku kwenye modeli ya uchanganuzi ili turudishiwe hizo 3. Nilikataa. Kura ilipigwa ndani ya bloku, basi uchanganuzi uifuate kura, hata kama mchoraji alikosea. Mwingiliano tuliokuwa tunautafuta ukatoka na mipaka mipana ya makadirio, sifuri ikiwa humo humo ndani: hatukuweza kusema kama upo.

Msimu uliofuata tulianza kwa kuupanda mteremko na vigingi mkononi. Karatasi ilibaki ofisini.