Treni Yangu Haiendi Popote, Mumesikia?

Haiendi popote. Kila anayeiona treni yangu ndogo ya kuchezea, hapa Lubumbashi, anauliza inaenda wapi, basi natanguliza jibu ili nipumzishwe na swali. Haiendi Likasi, haiendi Kamina, haiendi Sakania, na Ilebo msahau kabisa. Inatoka mwisho huu wa ubao, inafika mwisho ule, inarudi. Ubao wenyewe unaenea juu ya meza yetu ya kulia chakula, ndiyo maana siku hizi bukari tunaila magotini, na mama watoto ana maneno yake ambayo siyaandiki hapa.

Mtu wa Bujumbura akiuliza treni inaenda wapi, namsamehe, kwao hakuna reli. Lakini mtu wa Lubumbashi! Reli iliingia hapa kutoka kusini mwaka 1910, mji ungali unaitwa Élisabethville na hata haujakauka vizuri. Uliza lupango lolote, yaani ua wowote wa mtaa wetu wa Kamalondo, utaambiwa babu alikuwa shemino, mfanyakazi wa reli, au mjomba, au yule baba aliyekataa kumwoa shangazi. Watu wa namna hiyo wanajua kwamba behewa sehemu kubwa ya maisha yake halisafiri. Linasukumwa. Hili litangulie, lile lisubiri, la tatu likatolewe katikati kwa sababu ndilo linalotakiwa na limewekwa mahali pabaya kuliko yote. Mashemino wanaita manevri. Mimi nimejenga manevri. Safari sikujenga, kwa kuwa safari inataka sebule ndefu, na sebule ndefu inataka mshahara unaofika.

Mchezo wenyewe ulibuniwa na Mwingereza, Alan Wright, na unaitwa Inglenook. Kuna njia tatu za kuegesha: moja inameza mabehewa matano, mbili zilizobaki matatu matatu. Mbele yake kuna kipande cha reli cha kuvutia, nacho kinabeba kichwa, yaani injini, na mabehewa matatu, la nne haliingii hata ulibembeleze. Mabehewa yako ni manane. Unachanganya kadi nane, kila behewa na yake, unaokota tano, na kichwa kinapaswa kupanga treni kwa mfuatano uleule wa kadi. Basi. Inaonekana kazi ya mtoto mpaka ujaribu. Jirani yangu, mwalimu wa hesabu, alichukua kalamu, akazidisha 8 kwa 7 kwa 6 kwa 5 kwa 4, akapata treni 6,720 zinazowezekana. Akanitazama kwa huruma. "6,720, jirani, na hakuna hata moja inayofika Likasi?"

Huko Marekani kulikuwa na John Allen, naye alibuni ubao wake wa manevri, Timesaver, ambao unachezwa kwa kushindana na saa. Huo niliuacha. Treni na saa, hapa kwetu, ni watu wawili wasiosalimiana, na mimi si mpatanishi.

Reli nililetewa na shemeji yangu aliyeko Liège, pamoja na injini ndogo ya mitumba. Nikazipigilia kwenye ubao, nikaona nimemaliza. Ndipo akaja mzee wa avenyu ya nyuma, shemino mstaafu. Hakusalimia. Alivaa miwani, akainama, akapima kwa rula aliyokuja nayo mfukoni. Sasa niambieni, ni mtu gani anatembea na rula mfukoni kwenye ustaafu wake?

"Mutoto yangu," akasema, "hii njia iko ya Bazungu."

Kwa bahati mbaya alikuwa na haki. Reli hizo zina upana wa milimita 16.5. Ukizidisha mara 87, ambayo ndiyo kipimo cha injini ile, unapata 1,435, yaani njia ya Ulaya. Ya kwetu Katanga ni 1,067. Kwa kipimo hicho reli yangu ilipaswa kuwa na milimita 12 na kidogo, na shemeji hakuleta za 12, alileta hizi, na posta ya kuzirudisha ni bei ya mbuzi. Sikulala vizuri. Kulipokucha nikafanya walichokwisha kufanya wajanja wa Nyuzilandi na Afrika Kusini, wenye njia kama yetu: reli haibadilishwi, kinabadilishwa kinachokaa juu yake. Gawanya 1,067 kwa 64, unapata 16.67. Karibu kabisa! Kwa hiyo mabehewa nikayajenga upya kwa kipimo cha moja kwa 64, makubwa zaidi, kwa kadibodi na bati la makopo ya sardini, na injini nikaivua nguo za Liège nikaivalisha bati hilohilo. Mzee akapima tena. Akatikisa kichwa. "Inapungua kidogo," akasema, halafu, kama kunipa zawadi, "lakini inapita."

Hamjasikia habari ya rangi. Nilitaka kichwa kiwe buluu na manjano, nikakumbuka hizo ni rangi za Lupopo, timu ya mashemino, na shemeji mwingine, wa hapahapa, ni wa Mazembe mpaka kwenye soksi. Nyeusi na nyeupe basi? Mzee wa rula ni Lupopo, angenizika. Nikapaka kijani, kwa amani ya watu wote. Wakaja wote wawili, kwa mara ya kwanza wakikubaliana, wakaniuliza tangu lini nimehamia Kinshasa kushangilia Vita Club.

Na vumbi. Umeme wa treni hizi unaingia kwa reli moja, unapita gurudumu, unazungusha mota, unarudi kwa reli ya pili. Kati ya gurudumu na reli hapatakiwi kitu. Sasa mtu afike msimu wa kiangazi hapa, mwezi wa nane, afungue dirisha dakika moja, aone ardhi ya Katanga inavyoingia na kukaa bila kukaribishwa. Kichwa changu kinatetemeka, kinasita, kinasimama. Kibaya zaidi ni pale reli mbili zinapokatana, pana kakipande ka plastiki kasikopitisha umeme. Injini fupi kama yangu ikikanyaga hapo pole pole, inalala. Ukiipeleka kasi inapita, ila inagonga mabehewa mpaka kadi zinaanguka. Dawa ya vumbi ni alkoli na kitambaa. Nilinunua ya famasi. Jirani mmoja, si mwalimu, akaniambia lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji, inasafisha kuliko hiyo, akajitolea kuja kunionyesha. Alikuja na chupa. Reli hakuzigusa.

Haya, maonyesho. Parokia ilifanya kermesi, ile sherehe ya michezo na mauzo, padri akasema kila mwenye kipaji alete. Wakanipa kona kati ya mama wa mikate na meza ya tombola. Naomba mrudie hapo: meza ya tombola. Aliyepanga sali, yaani ukumbi, simtaji, Mungu anamwona. Upande ule watu wanaokota karatasi kwenye ndoo wanapata sufuria. Upande wangu watu wanaokota kadi kwenye kopo wanapata... manevri.

Kadi zangu zilikuwa na majina ya mizigo: shaba, kobalti, mahindi, simenti, dizeli, mbao, chumvi, bia. Mama mmoja akaokota chumvi, akafurahi, akafungua kitenge kupokea. Nikamweleza kwamba behewa la chumvi ndilo litakaa nafasi ya kwanza nyuma ya kichwa. "Sawa, baba," akasema, "na chumvi yangu?" Kijana aliyeokota simenti alitaka kujua ni mifuko mingapi na kama usafiri umo ndani. Aliyeokota kobalti hakuniuliza chochote. Alinivuta pembeni, akashusha sauti, akauliza bei ya tani. Nilipokuwa bado namkana, bwana mmoja mwenye kalamu na kitabu cha risiti akaja kuuliza hawa wanaotoa madini hapa wamelipa wapi. Nikamwonyesha behewa. Akalichukua, akaligeuza, akakuta limeandikwa SARDINI KATIKA MAFUTA. Akaliandika hivyohivyo.

Kisha umeme ukakatika. Ngoma ikazima, friji ya vinywaji ikazima, tombola ikaendelea kwa tochi. Treni yangu tu ndiyo iliyobaki ikitembea, kwa kuwa inakula volti 12, na chini ya meza nilificha betri ya pikipiki. Nilitarajia makofi. Nikaona nyaya. Kila mwenye simu katika sali ile akagundua kwamba mimi ni ndugu yake. Mwimbaji wa kwaya alipiga magoti kabisa, na si kwa ajili ya sala.

Aliyeniokoa ni mzee wa rula, kama kuokoa ndiko kule. Alifukuza nyaya zote, akavuta kiti, akachukua kidhibiti mkononi mwangu bila kuomba, akaweka kadi tano mbele yake kwa mstari. Hakuwahi kucheza. Alitazama kidogo, akaanza: vuta matatu, sukuma mawili, acha moja, rudi. Vijana wakasogea. Kila behewa lilipogusana na lingine alisema "tak" kwa mdomo wake, kwa kuwa bati la sardini halitoi sauti ya kutosha kwake. Mimi nilipewa kijiti cha mshikaki na cheo cha mtu wa kufungua kulabu. Nilichelewa mara moja akanipiga kidole kwa rula. "Pale ungekuwa umekatwa mukono," akasema, mbele ya watu, kwa behewa la gramu ishirini.

Alipanga treni zake mpaka mama wa mikate akafunga vitu vyake. Hata sikucheza. Ubao ni wangu, betri ni yangu, nimepoteza meza na heshima ya mashemeji wawili, na mtu anayeulizwa na vijana "mzee, ulijenga mwenyewe?" si mimi. Naye, niwaambie ukweli, hakukanusha kwa haraka.

Jumatatu asubuhi mama wa chumvi alifika nyumbani na kibakuli. Nilijaribu kumweleza tena habari ya njia tatu na kipande cha kuvutia. Mama watoto akanisukuma pembeni, akampimia chumvi kutoka jikoni, wakaagana vizuri. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye kopo la kadi, akatoa ile ya bia, akaitia motoni kabla yule wa lutuku hajaamka.