Majani ya kitambaa, maboga ya kweli: vuli kwenye darasa la chekechea

Kila mwaka ikifika katikati ya Septemba ticha wetu anashusha boksi la plastiki kutoka juu ya kabati, na humo ndani kuna majani. Ya kitambaa. Ya njano, ya machungwa, mekundu, mengine yana glita, yalinunuliwa duka la dola miaka hiyo na yametumika mpaka yanatoka nyuzi. Mwaka juzi nikiwa nayapanga mezani nikatupa jicho dirishani, mti wa mepo wa pale uani umeshageuka nusu nzima, yani hatua kama 20 tu toka mlangoni majani yenyewe yapo chini bure kabisa, na sisi ndani tunamwaga ya kitambaa. Tangu siku ile nimekuwa najiuliza hii mada ya vuli, yani msimu wa majani kuanguka, tunayoifanya kila mwaka inamfundisha mtoto nini hasa, na nimebadili mawazo mara kadhaa, so nisomeni taratibu.

Mimi nipo Columbus, Ohio, ni msaidizi wa darasa, watoto wetu wana miaka 5 na 6 na muhula unaanza Agosti. Hapa mada ya vuli ni kama sheria ambayo haijaandikwa. Septemba tufaha, Oktoba majani na maboga, Novemba mavuno na bata mzinga, basi, ukienda shule ya jirani utakuta hivohivo.

Kwanza hili neno lenyewe. Nikimpigia mama Tanga nikamwambia huku vuli imeingia, ananijibu alhamdulillah, imenyesha vizuri? Maana kwa sisi tuliokulia pwani vuli ni mvua, zile za kuanzia Oktoba mpaka Desemba, unalima, unapanda, ardhi inanukia. Kamusi zimelichukua neno la mvua zikalipa kazi ya kudondosha majani kwa sababu miezi inakaribiana. Huku vuli ni kufa kwa mwaka, kule vuli ni kuanza kupanda. Sasa darasani nina watoto wanaoongea Kiswahili nyumbani, wengi wa familia za Kikongo waliopitia Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi kule Kigoma, nikiwaambia vuli mzazi anaelewa kitu kingine kabisa, kwa hiyo siku hizi nasema tu "wakati majani yanaanguka". Ni refu ila halidanganyi.

Haya, tuanze na wanaoipenda hii mada, na nakiri kwa moyo mweupe kwamba wana hoja nzito.

Siku ya boga ndo siku ninayoisubiri mwaka mzima. Tunatandika karatasi mezani, ticha anakata kifuniko, afu kila mtoto anaingiza mkono. Kelele zake sasa! Mmoja analia hataki kugusa, mwingine keshazama hadi kwenye kiwiko, mwingine ananusa anasema linanuka kama tango, na kweli linanuka kama tango, sikuwahi kufikiria. Kabla ya kutoa mbegu kila mtu anakisia zipo ngapi. "Kumi!" "Milioni!" Hakuna cha katikati, kwa mtoto wa miaka mitano namba ni kumi au ni milioni. Baada ya hapo tunaosha, tunakausha, tunachukua trei za mayai za matundu 12 tunakata matundu mawili yabaki kumi, kila tundu mbegu moja, trei ikijaa ni kumi, trei kumi ni mia. Viwango vya hesabu hapa Ohio vinataka mtoto wa chekechea ahesabu mpaka 100 kwa moja moja na kwa makumi, na nimeona mtoto aliyekuwa anakwama kwenye 29 kila siku ("ishirini na tisa... ishirini na kumi") akaelewa makumi kwenye trei ya mayai ndani ya nusu saa kwa sababu aliyashika kwa mkono. Karatasi ya kujaza isingempa kile.

Afu lile swali la boga linazama au linaelea. Darasa zima linaapa litazama, ni zito bwana, ticha mwenyewe kalibeba kwa mikono miwili. Linawekwa kwenye beseni la maji, linaelea. Uso wa mtoto anapoona kwamba zito si lazima lizame, mimi naweza kulipwa nusu mshahara kwa kuuona tu.

Na majani pia, ukiyafanya vizuri, ni sayansi tupu. Jani halipakwi njano na mtu, njano ilikuwemo siku zote imefunikwa na kijani, siku zikifupika mti unaacha kutengeneza klorofili, kijani kinaondoka na njano inabaki wazi. Nyekundu ndo tofauti, hiyo inatengenezwa wakati huohuo wa vuli kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani. Tunaponda majani, tunatia spiriti kidogo, tunachovya karatasi ya kuchujia kahawa, taratibu rangi zinapanda zinajitenga, watoto wanakaa kimya dakika nzima na hiyo kwa chekechea ni muujiza. Tena ndivyo chekechea ilivyoanzia, Friedrich Fröbel alifungua shule yake kule Bad Blankenburg, Ujerumani mwaka 1837, na 1840 akaiita bustani ya watoto, na hakumaanisha bustani ya maneno tu, alitaka watoto wawe na vijishamba vyao kabisa, wapande na waangalie. Kwa hiyo anayesema majani na maboga ni kupoteza muda kabla ya kusoma "kwa ukweli" hajui hii shule ilitoka wapi.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wa nje hawaijui. Columbus ina Wasomali wengi sana, ina walokole wengi, ina kila aina ya watu, na Halloween, ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba ya maboga yaliyochongwa macho na mdomo, inagombanisha. Wazazi wengine hawataki kabisa kusikia habari za mizimu na wachawi darasani, siku hiyo wanambakisha mtoto nyumbani, na mimi Mtanga nawaelewa fika. Sasa "sherehe ya mavuno" na "wiki ya majani" ndo imekuwa njia ya kati, boga lisilo na macho halimuudhi mtu. Mada ya vuli inaletwa makusudi ili kila mtoto akae darasani, na hilo si jambo dogo.

Sasa njoo upande wa pili, na hapa ndo nina la kusema zaidi.

Nyingi ya hizi shughuli si za mtoto, ni za ukuta. Ticha anakata maumbo 20 ya bundi usiku akiwa kwake (na mimi ndo nakata mengine), mtoto kazi yake ni kubandika macho mahali palipochorwa alama, na ole wake abandike jicho tumboni, tunamrekebisha. Mwisho wa siku ukutani kuna bundi 20 wanaofanana, wazazi wanapiga picha, pendeza sana. Mtoto kafanya nini? Kapaka gundi. Mkasi ndo ulikuwa mazoezi ya vidole na mkasi nimeushika mimi mtu mzima. Kuna mwaka mtoto mmoja alimpaka bundi wake kijani akaambiwa bundi hawana rangi hiyo, haya, na wale wa zambarau wenye glita walitoka msitu gani?

Pia tunafundisha uongo kidogo kwa upole. Septemba 26 tunasimulia habari za Johnny Appleseed, jina lake hasa John Chapman, kazaliwa tarehe hiyo 1774, aliyezunguka akipanda mbegu za tufaha, na Ohio kapita sana. Watoto wanavaa sufuria za karatasi kichwani, maana hadithi inasema yeye alivaa sufuria kama kofia, wanaonja tufaha nyekundu, ya kijani, ya njano, tunachora grafu ya nani kapenda ipi, safi, grafu ni nzuri. Ila mwisho tunawapa mbegu ya tufaha wakapande nyumbani wapate tufaha kama ile tamu waliyokula. Haitoki! Tufaha ukipanda kwa mbegu linatoka lolote, mara nyingi chachu tupu, zile tamu za dukani zinapatikana kwa kupandikiza kijiti. Miti ya Chapman yenyewe matunda yake yalikuwa zaidi ya kutengeneza kinywaji cha kulewesha kuliko ya kula. Sisemi tumwambie mtoto wa miaka mitano habari za ulevi, nasema ile habari ya kupandikiza ingewavutia kuliko sufuria ya kichwani.

Lingine linaniuma kwa watoto wetu hasa. Mada ya vuli inachukulia kwamba unaijua tayari. Picha kwenye karatasi: reki, rundo la majani, koti, kindi kashika mbegu ya mwaloni, zungushia kitu cha vuli. Mtoto aliyefika mwezi wa saba hajawahi kuona reki ya majani wala mwaloni, anakosa, anaandikiwa "bado". Bado nini? Hesabu anajua, lugha anazo tatu, alichokosa ni kuwa alizaliwa mahali ambapo miti haivui nguo. Watetezi wanasema ndo maana tunafundisha sasa ajue, sawa, nakubali, ila basi mfundishe kwanza, mtoe nje, mviringishe kwenye rundo la majani, halafu ndo umpe karatasi. Sisi mara nyingi tunaanza na karatasi.

Na tusijidanganye kuwa ni shida ya wageni peke yao. Marekani hii hii, Florida huko, minazi nje, jua linawaka Oktoba, na mtoto anapaka rangi jani la mepo kwa sababu vitabu vya shughuli vinachapishwa vilevile nchi nzima. Kutoka hapo mpaka Dar ni hatua moja. Mpwa wangu yupo nasari moja ya Kiingereza, ada sitaitaja nisije nikapandwa presha, dada akanitumia video kwenye WhatsApp mtoto kasimama wima anaimba sprin, sama, otamu, winta, mikono nyuma. Nikamuuliza, ticha wako hajakufundisha otamu ni nini? Akasema, ni jani. Basi. Nyuma yake kwenye video nasikia mvua inapiga bati, vuli yenyewe ya kwetu inanyesha, kumbikumbi wanakuja kwenye taa, na hayo hayapo kwenye chati yao.

Dada yangu hakubaliani na mimi, na hoja yake si ya kijinga. Anasema vitabu atakavyosoma vimejaa theluji na majani mekundu, mitihani ya mitaala ya nje itauliza, akija huko kwako asiwe mshamba. Sawa kabisa, mtoto anatakiwa ajue dunia ina sehemu ambapo mti unabaki mtupu. Mimi ninachobishia ni mpangilio tu. Masika, kipupwe, vuli, kiangazi, aanze na hizo anazozikanyaga kwa miguu, apime mvua kwenye chupa iliyokatwa, ahesabu kokwa za embe, msimu wake si ndo huo unakaribia, afu umwambie na huku kwangu kuna hivi. Anayejua kuangalia msimu wake atauelewa na wa jirani. Anayekariri otamu hata wa kwake haujui.

Nikirudi kwangu hapa, mwaka jana ndo nimejifunza zaidi. Tulienda tripu shambani kwenye maboga, na kuna mama mmoja Mkongo alitusindikiza. Wenzake wanachagua maboga ya kupigia picha, yeye anainama anatafuta majani. Akanishika mkono akaniuliza, dada, majani yake hawali? Nikamwambia wenyewe hawajui, tena tumechelewa, Oktoba hii yote yameshakauka na ukungu. Akasikitika kweli, akasema shamba lote hili. Sisi kwetu msusa ni mboga ya heshima, ukiuunga na karanga mgeni haondoki.

Wiki iliyofuata ndo tukachonga lile boga darasani, na mwanae akiwa na zile nyuzi za machungwa mkononi akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu ili ticha asisikie: "Sasa chakula hiki tunakitupa?" Nikakosa jibu. Ni kweli tulikuwa tunakitupa. Wapo wanaosema kuchezea chakula darasani ni kukosa adabu kwa mtoto ambaye nyumbani kwao kimewahi kukosekana, wapo wanaosema boga la kuchonga ni la maji maji halina ladha na nusu dola ya mbegu imefundisha hesabu ya wiki nzima. Mimi nimesimama kwenye ile trei ya mayai nikaona faida, nimesimama kwenye lile pipa la taka nikaona aibu, siku moja hiyohiyo.

Nilichofanya ni kidogo. Boksi la majani ya kitambaa nimelisukuma nyuma kabisa ya kabati, ticha hajaliulizia, na wiki hii tumetoka nje na mifuko, kila mtoto kaleta majani matano anayoona hayafanani. Bundi watakuwepo, nimeshindwa vita ya bundi, ila mkasi wanashika wenyewe na wengine wametoka na kichwa cha pembe tatu. Na nimeandika ofisini kuomba boga moja dogo, lile tamu la kupikia, tusilichonge, tulipike palepale darasani kwa sufuria la umeme na tui la nazi na sukari kidogo, watoto waonje, wachore grafu yao ya nimependa na sijapenda. Chakula cha kutoka nyumbani hakiruhusiwi kwa ajili ya mzio, ndo maana nimesema palepale, na orodha ya vitu vyote nimeambatanisha. Wamesema watanijibu. Boga ninalo tayari, lipo kwenye buti ya gari.