Mkunga mwenye miaka 14 leba: masta ya kufundisha kliniki aichukue au aiache?

Juzi mdogo wangu wa kazini, mkunga aliyekaa leba, yaani wodi ya kujifungulia, miaka 14, kanitumia voisi ya dakika sita, swali lenyewe moja tu ila kalizungusha weee: "Dada, mi nisome masta ya nini? Ukunga wenyewe, au hii ya elimu ya fani za afya, ile ya kufundisha na kuongoza mafunzo ya kliniki?" Nikamwambia nipe siku mbili nifikirie. Siku mbili zimekuwa wiki mbili, maana kila nikitaka kumwambia nenda naiona sababu ya kumwambia subiri kwanza, nikitaka kumwambia subiri nawakumbuka wanafunzi waliosimama pale kaunta, nitakusimulia hapo chini. Basi naandika yote hapa, sababu sio yeye peke yake, kuna manesi, madaktari, matabibu, watu wa maabara, wote wana miaka kumi na kitu kazini na wanaiangalia hii masta bila kujua ni chakula au ni picha ya chakula.

Kwa ambaye hajaisikia, hii masta haikufundishi dawa mpya wala upasuaji mpya. Inakuchukua wewe ambaye kazi unaijua, inakufundisha namna mtu mzima anavyojifunza, namna ya kupanga mtaala, kupima ujuzi kwa kumuona mtu akifanya badala ya kumsoma kwenye karatasi, kumpa mrejesho bila kumvunja, na kusimamia kitengo cha mafunzo pamoja na kuchunguza kama ufundishaji wako unafanya kazi. Chuo cha Maastricht kule Uholanzi kilianzisha ya kwake 1992, sehemu kubwa mtu anasoma akiwa kwao na kazini kwake. Huku kwetu Afrika Mashariki, Makerere ya Uganda wanayo yao. Kuna na SAFRI, programu ya walimu wa fani za afya iliyoanza 2008 Afrika Kusini, ambayo sio digrii, ni mafunzo ya miaka miwili na kila mmoja anafanya projekti kwenye chuo chake mwenyewe. Na kabla masta hizi hazijawa gumzo, CEDHA, kituo cha kuendeleza elimu ya afya pale Arusha, walikuwa wanaandaa matyuta, yaani walimu wa vyuo vya afya, hilo tusilisahau tukadhani tumegundua kitu jana.

Sasa nikupeleke leba. Ijumaa saa kumi jioni, rotesheni inaisha, wanafunzi tisa wamepanga foleni kaunta na logibuku mkononi, kile kitabu cha kurekodi walichofanya wodini, inchaji wa wodi kashika peni. Kwenye logibuku kuna safu: ameona, amesaidia, amefanya mwenyewe. Inchaji anasaini, anageuza, anasaini, mzazi mmoja anaita kitanda cha nne, anaenda, anarudi, anasaini. Na mimi nimesaini hivyo hivyo miaka mingi. Siku moja nikamshika kijana mmoja ambaye kitabu chake kimejaa kila safu, nikamuuliza mtoto akitoka dakika ya kwanza unafanya nini kwa mama. Akajibu vizuri kabisa, napapasa kwanza kuhakikisha hakuna mtoto wa pili, halafu oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 kwenye msuli. Nikamwambia haya, yule mama pale kondo limeshatoka, tumuombe ruhusa, weka mkono uniambie mfuko wa uzazi uko wapi na umekaza au umelegea. Mkono wake ukatua chini kabisa karibu na kinena ukabaki unatafutatafuta, mama anamuangalia usoni, yeye anaangalia ukuta. Kumbe hajawahi kuushika. Mwezi mmoja na nusu tumekaa nae wodini na hakuna aliyemshika mkono akauweka pale panapotakiwa, na huyu baada ya miezi michache yuko zahanati peke yake usiku na mama anavuja damu.

Hapo hakuna mtu mbaya. Inchaji ni mmoja, usiku wakunga wawili, wanafunzi wametoka vyuo vitatu tofauti na kila chuo kina logibuku yake. Toka enzi za MMAM, ule mpango wa 2007 mpaka 2017 wa kila kijiji kiwe na zahanati, watumishi wakahitajika wengi, vyuo vikapanuka, na hilo lilikuwa jambo jema. Ila mkunga mzoefu wa kumsimamia mwanafunzi huwezi kumjenga kama unavyojenga jengo la chuo. Tukabaki tunafundisha kama tulivyofundishwa, yaani kwa kelele. "Chuoni hamkufundishwa hii?" Mbele ya mgonjwa. Mwanafunzi akishaambiwa hivyo mara mbili anajifunza kitu kimoja tu, kujificha.

Ndio maana wanaosema masta hii ni ya muhimu wananishawishi, na mfano mkubwa walionao uko hapa hapa Tanzania, Hospitali ya Haydom kule Mbulu mkoani Manyara. 2010 wakunga pale walifundishwa kumsaidia mtoto asiyepumua, kozi ya siku moja na mdoli wa mazoezi. Baada ya kozi, kwa mdoli walifanya vizuri sana. Watafiti wakaenda kuangalia leba kwenyewe, kwa watoto wa kweli, wakakuta mambo ni yale yale hayajabadilika! Toka 2011 wakabadilisha namna, mdoli ukawekwa leba, watu wanafanya mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki pale pale kazini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Ujuzi unaofundishwa ni ule ule, kilichobadilika ni namna ya kufundisha, na hiyo namna imebeba uhai wa watoto. Baadae mpango wa Safer Births ukaenda kwenye vituo 30 vya kutolea huduma za afya katika mikoa mitano, mazoezi yakiongozwa na watumishi wa vituo hivyo hivyo, vifo vya watoto wanaofia tumboni na siku za mwanzo vikashuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa 1,000. Hapo pia kulikuwa na vifaa vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na mengine, kwa hiyo sio mafunzo peke yake, lazima niseme hilo.

Lakini mfano huo huo mtu anaweza kuugeuza akauliza, hao wakunga waliokuwa wanaongoza mazoezi kila wiki walikuwa na masta? Walikuwa wakunga wa wodi waliofundishwa kusimamia zoezi, basi. Na hoja hii siibezi hata kidogo. Hospitali ya mkoa haihitaji watu sita wenye masta ya kufundisha, inahitaji mdoli, ratiba, na inchaji aliyepewa nusu saa. Ukimtoa mkunga wa miaka 14 leba ukampeleka masomoni miaka miwili, ile shifti ya usiku anabaki nani? Binti wa mwaka wa pili kazini. Vifo havisubiri mtu amalize tasnifu.

Halafu kuna suala la kurudi, hili linaniuma zaidi. Namjua mtu alirudi na masta yake ana mawazo kibao, hospitali yake ikampa chumba chenye bango la Kitengo cha Mafunzo, bila bajeti, bila ratiba na bila mamlaka yoyote juu ya wodi. Mwaka mzima kazi yake ilikuwa kukusanya mahudhurio ya semina na kuandika taarifa ya robo mwaka. Leba haendi tena, maana sasa ni mtu wa ofisi. Tulikuwa na mkunga mzuri, sasa tuna ofisa aliyechoka. Na kabla ya kulipa ada uulize kabisa utumishi hiyo masta muundo wa kada yako unaitambuaje, usije ukarudi na cheti ukaambiwa hakihusiani na cheo ulicho nacho.

Ila turudi kwa yule kijana na mkono wake, maana hapo ndipo naona jibu. Nani aligundua Haydom kwamba kozi ya siku moja haikugusa leba? Ni mtu aliyejua kwamba kufanya vizuri darasani na kufanya vizuri kwa mgonjwa ni vitu viwili, akaenda kupima cha pili. Jicho hilo uzoefu peke yake haukupi. Mimi nina miaka 24 kazini na sikuwa nalo, kwanza ukikaa sana unasahau hata ni kipi kilikuwa kigumu, mkono unaenda wenyewe kwenye mfuko wa uzazi na unashangaa mwenzio anatafuta nini. Na daktari bingwa ni vilevile, alisomea ubingwa miaka mitatu, siku ya kwanza anapewa intani, madaktari wa mafunzo kazini, awafundishe na hakuna aliyewahi kumuonyesha kufundisha kunafanywaje.

Na nimeshaona mmoja ambaye masta hii ilimsaidia kweli. Huyu alisoma kwa masafa, asaimenti anafanya usiku akitoka shifti, na projekti yake ilikuwa wodi yake mwenyewe. Alianzisha kitu kidogo, shifti ikiisha anakaa na wanafunzi dakika kumi kwenye benchi la nje, anawauliza umeona nini leo, ungerudia ungefanya nini tofauti, kipi kilikutia hofu. Ile ya hofu ndiyo iliyofungua midomo. Wiki ya tatu binti mmoja akasema naogopa kupima njia kwa sababu sijui ninachokigusa, na tulikuwa tumeshamsainia mara kumi na mbili.

Kwa hiyo mdogo wangu, mimi nasema soma hii ya kufundisha, miaka 14 uliyonayo ndiyo mali yenyewe na mwenye miaka mitatu kazini angeenda kukariri nadharia tu. Lakini soma ukiwa leba, kwa masafa, na projekti yako iwe ile logibuku ya Ijumaa saa kumi. Na kabla hujajaza fomu nenda kwa matroni umuombe kwa maandishi masaa manne kwa wiki ndani ya ratiba ya kazi, masaa ambayo wewe ni mwalimu na kuna mwingine anahesabika kwenye shifti. Wakikataa, chukua masta ya ukunga, angalau mikono yako itabaki kwa wazazi na hutaishia kwenye kile chumba chenye bango.

Nilimpigia jana nikamwambia hivi hivi. Akanyamaza kidogo akasema, "Dada, masaa manne hawatanipa, ngoja niombe mawili." Nikamwambia omba manne. Jumatatu anaonana na matroni.