Aliyezoea daladala asiiogope treni ya London

Watu wa Dar tukisafiri kwenda London tunapewa onyo lile lile: treni za chini ya ardhi zitakupoteza, chukua teksi. Mimi nililifuata siku moja tu, nikaliacha. Naamini kabisa kwamba mtu anayeweza kutoka Gongo la Mboto hadi Tegeta kwa kuunganisha magari, sehemu kubwa ya elimu ya treni zile anayo tayari.

Kinachotakiwa ni kujua mwisho wa njia. Daladala huandikwa mbele inakoishia, na wa Buguruni anajua kuwa la Gongo la Mboto linaweza kumfaa. Kule nako ni hivyo hivyo. Rangi kwenye ramani inakuonyesha njia, lakini ubao wa jukwaani unataja kituo cha mwisho, na hicho ndicho kinachokuambia treni inaelekea upande gani.

Lipo na jambo la pili, nalo nililipata kwa gharama. Nilikuwa Camden Town, naenda Leicester Square kukutana na binamu yangu. Njia ni Northern, ile nyeusi. Ubao ulisema Morden kupitia Bank. Nikaona Morden ni kusini, nikapanda. Tukapita Euston, nikatulia. Kituo kilichofuata kilikuwa King's Cross, na juu ya mlango, kwenye mchoro wa njia, nikaona matawi mawili: moja linapita Bank, jingine Charing Cross, na nililotakiwa kupanda lilikuwa hilo la Charing Cross. Hapo ndipo neno "kupitia" liliponiingia. Ukiwa Ubungo unakwenda Makumbusho, si unamuuliza konda kwanza, "Unapita Shekilango au Mwenge?" Swali nilikuwa nalo tangu utotoni, sikuliuliza kwa sababu hapakuwa na konda. Nilishuka, nikafuata mishale hadi njia ya Piccadilly, nikafika baada ya vituo vinne.

Nauli haina shida: gusa kadi ya benki geti la kuingilia, gusa hiyo hiyo ukitoka. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, wenye haraka wapite kushoto.

Ramani yenyewe naipenda mno. Mchoro wake wa asili ni wa Harry Beck, ukatolewa kwa abiria mwaka 1933, wakati treni hizo zilikuwa zimeanza tangu 1863. Alinyoosha mistari na kuacha umbali halisi, kwa kuwa abiria aliye chini ya ardhi anataka kujua ashuke wapi na abadilishe wapi. Kwa hiyo usiipime kwa rula. Kutoka Leicester Square hadi Covent Garden hazifiki mita 300, tembea tu.

Tangu nirudi, jambo hili halinitoki moyoni. Mgeni anashuka London hajui mtu, na ukuta unamwelekeza. Mgeni wa Dar anategemea huruma ya atakayemuuliza. Watu wetu ni wakarimu, wataelekeza, lakini mama mgonjwa aliyetoka mkoani hapaswi kuuliza watu sita ndipo afike hospitali. Daladala zetu tayari zina rangi na majina ya njia ubavuni. Kilichobaki ni mtu kukaa chini, azichore zote kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo ibandikwe kila kituo.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kutoka Songea kwa ajili ya kliniki Muhimbili. Nilimchorea mstari mmoja wa mabasi ya mwendokasi: Kimara Mwisho, Ubungo, Magomeni, Fire. Pale Magomeni nikachora tawi na kuandika "Morocco, usipande hili", na pembeni "panda la Kivukoni". Kutoka Fire nikaweka mshale wa bajaji. Jioni alirudi na karatasi ameikunja ndani ya kadi ya kliniki, akaniomba nimchoree na ya kwenda Kariakoo.