Utafiti wa uhandisi: tunachokosa nyumbani hakinunuliwi kwa tenda

Nyumbani wakiulizwa kwa nini uzamivu wa uhandisi wa ughaibuni unasifiwa, jibu la haraka ni vifaa. Vifaa vipo, sikatai. Lakini mashine ya kuvunjia michemraba ya zege ni ileile huku ughaibuni ninakoandikia na kule nyumbani. Tofauti ninayoiona ni yale mwanafunzi anayodaiwa kuyajua kabla hajaruhusiwa kuigusa.

Ulaya iliuingiza uzamivu kwenye mchakato wa Bologna, mpango wa kuoanisha ngazi za elimu ya juu za nchi zake, mwaka 2003 kama ngazi ya tatu ya masomo, na leo vyuo vingi huandika malengo ya kujifunza hata kwa watafiti. Uingereza kuna mwongozo wa Vitae, taasisi ya kuendeleza watafiti, wa mwaka 2010, unaozigawa stadi za mtafiti katika makundi manne. Wengi huku huujaza kama fomu nyingine yoyote ya ofisini, halafu wakausahau. Faida huja pale tu lengo linapoandikwa kwa kitenzi kinachopimika. "Kuelewa vipimo" hakuna anayeweza kukisahihisha. "Kukokotoa shaka ya kipimo cha nguvu ya zege na kutaja chanzo chake kikubwa" kinasahihishwa, maana msimamizi ataomba hesabu mezani: kipimo kinaweza kukosea kwa kiasi gani, na kwa sababu gani.

Tuchukue hiyo zege. Mchemraba wa milimita 150 una uso wa milimita za mraba 22,500. Ukivunjika kwa kilonyutoni 675, nguvu yake ni megapaskali 30. Sasa pande hizo mbili zikiwa milimita 149 kweli, jibu linapanda hadi 30.4. Tasnifu nyingi za nyumbani huandika "30.00" bila kusema rula ilitumika au kalipa, kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi zaidi. Kasi nayo: kiwango cha Ulaya kinataka mzigo upande kwa takriban megapaskali 0.6 kwa sekunde, yaani kilonyutoni 13.5 kila sekunde kwa mchemraba huu, kwa hiyo kuuvunja huchukua kama sekunde 50. Anayeharakisha akamaliza kwa sekunde 15 hupata zege "imara" kuliko ilivyo. Uso usio sawa hufanya kinyume, huishusha.

Kosa kubwa zaidi hutokea kabla ya mashine. Mtu anachanganya zege ya kawaida Jumatatu, na ile anayoijaribu, yenye majivu, anaichanganya Alhamisi, baada ya mvua. Mchanga umelowa, uwiano wa maji na saruji umebadilika, na tofauti yote anaibebesha majivu. Dawa yake haina gharama: panga zamu za michanganyiko kwa bahati nasibu, pima unyevu wa mchanga kila siku, punguza maji kulingana nao. Halafu kuna hili ambalo hata huku wengi huteleza: michemraba mitatu kutoka beseni moja si marudio matatu ya jaribio. Inakuonyesha tofauti za ndani ya beseni tu. Kurudia ni kuchanganya upya.

Pendekezo la utafiti linapaswa kuwa na hesabu ya namna hii: vigezo vitatu, kila kimoja viwango viwili, ni michanganyiko 8, kila mmoja uchanganywe mara mbili, kila mara michemraba mitatu, jumla 48. Mmoja hula lita 3.375, kwa hiyo lita 162 za zege, ongeza asilimia 15 ya kumwagika. Je, kuna kalibu za kutosha za kumwagia zege? Beseni la kutunzia majini linabeba yote kwa siku 28? Huku, programu nyingi huleta maswali haya karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza, mbele ya jopo ambalo msimamizi hana kura ndani yake. Nyumbani mapendekezo hutetewa pia, lakini muda mwingi huishia kwenye maneno ya kichwa na upana wa pambizo.

Daftari la maabara lina sheria chache: kurasa zenye namba, wino, kosa hukatwa kwa mstari mmoja lisomeke bado. Kwa msimbo wa kompyuta, Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko, inatosha, na ni bure. Faili linaloitwa "mwisho_kabisa_2" ni dalili kwamba hakuna anayejua grafu ya sura ya nne ilitoka wapi.

Kuna upande ambao huku ndiko kumelala. Fundi wa maabara hufunga vihisi vyote, mwanafunzi anapokea faili la namba. Mtetemo wa hezi 70 uliosomwa mara 100 kwa sekunde utajitokeza kama hezi 30, kwa kuwa usomaji ni wa polepole mno kwake, na asiyewahi kugusa waya ataujengea nadharia. Mwanafunzi wa nyumbani, aliyezoea kufungua kifaa kwa sababu hakuna wa kumfungulia, hutilia shaka waya kwanza. Lengo hilo lingeandikwa kote kuwili: kabla ya kukusanya data, mwanafunzi afunge kihisi mwenyewe na akifanyie ugezi, yaani akilinganishe na kipimo kinachojulikana. Thamokapo (kihisi cha joto cha nyaya mbili) ya aina ya K ya daraja la pili inaruhusiwa kukosea nyuzi 2.5 za Selsiasi kwenye joto la kawaida la maabara. Itumbukize kwenye barafu inayoyeyuka, yaani nyuzi sifuri, iliyopondwa na kujazwa maji safi, usubiri namba itulie, uandike inachosoma.