Kilwa ipi hiyo?

Imesambaa tena picha ya boma la Wajerumani la Kivinje, na chini yake pameandikwa "magofu ya masultani wa Kilwa, karne ya 13". Inauma. Kilwa za mkoani Lindi ni tatu, Kisiwani, Kivinje na Masoko, na kila moja ina wafu wake na historia yake.

Masultani ni wa Kisiwani. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11, ukaja kupanuliwa na kuezekwa kwa kuba. Kasri la Husuni Kubwa ni la karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta wa Moroko alimkuta alipofika mwaka 1331. Ngome iitwayo Gereza inayoonekana leo ni ya Waomani, imesimama palipokuwa na ngome ya Wareno ya 1505. Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara ndivyo vilivyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kivinje haimo.

Lakini Kivinje haina haja ya kuazima heshima ya mtu. Karne ya 19 misafara ya pembe na ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa iliteremkia pale. Watu wangapi walifungwa minyororo wakaiona bahari kwa mara ya kwanza pale! Wajerumani nao wakapafanya makao yao, na hapohapo mwaka 1895 wakamnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapiga vita miaka kumi kabla ya Maji Maji. Ukilibandika jengo la waliomnyonga jina la masultani, kifo chake umekifuta. Hilo halivumiliki, hata kama mwandishi hakukusudia.

Picha yenyewe humwambia mtu. Kuta za matumbawe zisizo na paa, matao na kuba, nyasi pande zote: hiyo Kisiwani. Nyumba za ghorofa zinazobomoka kando ya mtaa wenye watu: Kivinje. Ofisi za wilaya na bandari: Masoko.

Haya, kwenye mazungumzo "naenda Kilwa" inatosha. Kwenye safari haitoshi. Mabasi mengi ya Mtwara na Dar hayaingii ndani, hukushusha njia panda ya Nangurukuru, na ni hapo unapotakiwa kusema Kivinje au Masoko. Anayekwenda Kisiwani afike Masoko kwanza, achukue kibali, aulize saa za maji kujaa na kupwa, ndipo apande boti. Na mzigo ulioandikwa "Kilwa" tu unaweza kwenda hadi Masoko ilhali mgonjwa anayeusubiri amelazwa Kivinje.

Nje ya Lindi pia jina lipo. Kuna mji wa Kilwa nchini Kongo, ufukweni mwa Ziwa Mweru, na kisiwa cha Kilwa upande wa Zambia katika ziwa hilohilo. Dar kuna Barabara ya Kilwa inayopita Mbagala. Na mwaka 1944, askari mmoja aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Namna zilivyofika huko bado inabishaniwa, ila masultani ambao majina yao yamo kwenye sarafu hizo walitawala Kisiwani.